Iweke Kwanza

Kijana alianza kwa shikamoo.

Katika yote ya asubuhi ile, hilo ndilo lililonigandia. Katapila lilikuwa linanguruma nyuma yake, moshi wake ukichanganyika na ule ukungu wa Julai unaoficha Mlima Meru mpaka saa nne. Na bado kijana alishuka, akavua kofia yake ngumu, akainama kidogo mbele ya mama mkubwa wangu: "Shikamoo mama."

Mama mkubwa akaitikia marahaba. Angefanyaje? Hata aliyekuja kukuvunjia ua, akikusalimia unaitika.

Mkononi mama mkubwa alikuwa na karatasi tatu ndani ya mfuko wa nailoni. Amri ya Mahakama Kuu, muhuri upo, saini ya naibu msajili ipo. Kiini chake ni mstari mmoja tu: hali ibaki kama ilivyo. Amri hiyo ilikuwa na umri wa siku sita. Ofisi iliyotuma katapila ilikuwa na nakala yake, maana niliipeleka mwenyewe na nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Sitaitaja ofisi hiyo. Kwanza shauri bado linaendelea, na pili sina usafi wa kumnyooshea mtu kidole, nitaeleza kwa nini.

Kijana aliisoma karatasi yote, midomo ikicheza. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, nimeelewa. Lakini mimi nimetumwa. Karatasi hii mpe aliyenituma."

"Aliyekutuma anayo," nikadakia.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Sasa kaka, kama anayo na bado amenituma, mimi nifanyeje?"

Akapanda. Ua wa upande wa barabara ulilala chini kabla sijamaliza kutafuta namba ya wakili kwenye simu. Ukaondoka na masale manne aliyoyapanda baba mkubwa mwaka waliponunua kiwanja. Kikafuata choo cha nje. Kisha katapila likageukia jiko, na hapo, hatua kama tano kutoka ukutani, likazimika.

Kijana akajaribu kuwasha mara mbili. Akashuka, akafungua boneti, akachungulia, akapiga simu. Aliongea kwa sauti kubwa kuliko haja: "Bosi, mashine imekufa. Hapana, imekufa kabisa. Fundi wake si yuko Moshi?"

Akaita bodaboda, akaondoka. Katapila likalala pale siku mbili. Siku ya tatu, wakili wetu akiwa ameshakimbilia tena mahakamani, walikuja watu wengine kulichukua.

Liliwaka mara moja tu.

Mpaka leo sijui kama lilikufa kweli.

Siku 90

Nyuma ya asubuhi hiyo kuna notisi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inakutaka uiarifu Serikali kwamba unakusudia kuishitaki, kisha ungoje siku 90 ndipo ufungue kesi. Tangu 2020 utaratibu huo umepanuliwa ukazigusa halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu naye lazima aunganishwe. Kwa mwenye ofisi, siku 90 ni muda wa kukaa na wanasheria wake. Kwa jiko la matofali ya kuchoma ni muda wa kuvunjwa mara mia.

Ndiyo maana mawakili wa siku hizi wanakimbilia zuio la Mareva. Jina limetokana na kampuni ya meli iliyoshinda kesi London mwaka 1975, na sasa linatamkwa na kina mama wa pembezoni mwa Arusha kama jina la dawa ya mifugo. Unaomba mahakama ishike hali ilivyo wakati siku zako 90 zinahesabika. Tuliomba, tukapewa.

Nilipomuuliza wakili siku 90 zilitoka wapi, alicheka. "Hapa hapa Arusha," akasema.

Zamani hukuweza kabisa kuishitaki Serikali bila kwanza kupata ridhaa ya Serikali yenyewe. Yaani unamwendea aliyekukanyaga, unamwomba ruhusa ya kumshitaki. Mwaka 1993, katika rufaa ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake iliyosikilizwa hapa Arusha, Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linavunja Katiba. Linaifanya Serikali iwe hakimu wa kesi yake yenyewe, na linavuruga mgawanyo wa madaraka.

Serikali ilitii. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, ridhaa ikafutwa.

Mahali pake pakawekwa siku 90.

Nililala na jambo hilo usiku mzima. Ukisema Serikali ilikaidi hukumu, umeongopa, maana ridhaa iliondoka na haijarudi. Ukisema ilitii, mama mkubwa hana choo.

Kambi ya Simba

Wakili yule ana tabia ya kunipa kesi nikasome, kama mwalimu anayempa mwanafunzi mtukutu kazi ya ziada. Ya pili aliyonipa ni ya Lohay Akonaay na mwanawe, wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, huko juu Karatu ambako zamani kulikuwa Wilaya ya Mbulu. Hii nimeisoma mara nne.

Mwaka 1987 baba na mwana walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha wakidai ardhi yao ya kimila. Wakashinda, wakarudishiwa ardhi. Upande wa pili ukakata rufaa Mahakama Kuu, jambo ambalo ni haki yake. Mpaka hapo ni kesi kama kesi nyingine.

Rufaa ikiwa bado inangoja, Bunge likatunga sheria. Ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 1992, siku tatu baada ya Krismasi, wakati hata wenye mashamba wako mezani. Sheria Namba 22 ya mwaka huo ilifuta haki za kimila kwenye ardhi za vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Ikakataza fidia. Ikaziondoa kesi za namna hiyo mahakamani, hata zilizokuwa zikiendelea, na ikakataza hukumu zilizokwisha kutolewa zisikaziwe.

Soma tena hapo. Umeshinda kesi, hukumu iko mkononi, mhimili mwingine unapitisha sheria kwamba hukumu yako isitekelezwe.

Baba na mwana wakaenda Mahakama Kuu Arusha, wakashinda. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Desemba 1994 jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali likatoa uamuzi ambao wanafunzi wa sheria wanaukariri mpaka leo: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda mali. Ingekuwa vinginevyo, alisema, Watanzania walio wengi wasingetofautiana na wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Sheria haikufutwa yote. Mahakama ilichambua vifungu kama mchele, ikatoa mawe.

Ninachokipenda katika kesi hii ni kwamba hakuna katapila. Kila mtu alivaa tai. Serikali haikusema haitii mahakama. Ilikwenda bungeni kwa utaratibu, ikarudi na sheria yenye namba. Wenye ujuzi wa kukwepa hukumu hawatumi mashine.

Droo yangu

Sasa nieleze kwa nini sina usafi.

Kabla sijawa mtu wa kuandika nilikuwa karani wa masijala, miaka saba, kwenye ofisi ya umma ambayo nayo sitaitaja, mkoa mwingine. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kugonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kufungua faili, kupeleka kwa mkubwa, kurudisha. Kazi ya mikono na miguu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mihimili mitatu ya dola inapita kwenye trei yangu.

Siku moja ikaja hukumu. Dereva wa zamani wa ofisi alikuwa ameachishwa kazi kinyume cha utaratibu, akaenda kulalamika, akapanda ngazi zote, akashinda. Arudishwe kazini au alipwe. Nilipiga muhuri, nikaipeleka ndani. Mkubwa akaisoma huku akinywa chai, akaifunga, akanirudishia.

"Iweke kwanza."

Basi. Hakufoka, hakutukana mahakama, hakusema hailipwi. Maneno mawili, tena kwa upole.

Nikaiweka. Kwenye droo ya chini, pembeni ya chupa ya chai.

Dereva alianza kuja kila Jumatatu. Alikuwa mtu wa makamo, anakuja amepiga pasi suruali, anakaa kwenye benchi la karibu na dirisha langu. "Kijana wangu, habari za lile jambo?" Mimi namjibu inashughulikiwa. Jumatatu nyingine namwambia faili liko kwa mwanasheria. Mwanasheria hakuwahi kuliona. Jumatatu nyingine namwambia mkubwa yuko safari, na safari kweli alikuwa nayo, hiyo haikuwa uongo. Nilijifunza kuchanganya ukweli kidogo ili uongo ushike.

Mtu atasema si angekazia hukumu? Dhidi ya mtu binafsi unaomba mahakama imtume dalali, dalali anakuja anaondoka na gari. Dhidi ya Serikali haiko hivyo. Sheria ile ile ya mashauri inakataza kukamata mali zake. Mahakama inakupa cheti cha kiasi unachodai, cheti kinapelekwa kwa afisa masuuli, yaani mkubwa anayeidhinisha malipo ya ofisi, naye ndiye anayetakiwa alipe. Hakuna dalali atakayeondoka na Land Cruiser yenye namba za Serikali. Sababu zipo, na si za kijinga: fikiria gari la wagonjwa linauzwa mnadani kwa deni la mtu mmoja. Lakini matokeo yake ni kwamba hukumu inarudi kwenye mlango ule ule iliotokea, na anayeipokea mlangoni hapo ni karani mwenye droo.

Miezi kumi na moja dereva alikuja. Kisha akaacha kuja.

Sikuuliza. Nilikumbuka karatasi yake miaka mingi baadaye, siku kijana wa katapila aliposema "mimi nimetumwa", na uso ukanichoma kama nimemwagiwa maji ya moto. Mimi nilitumwa pia. Tofauti yetu ni kwamba mashine yangu haikuzimika.

Mji wa mahakama

Sidhani kama kuna mji Afrika wenye mahakama nyingi kubwa kuliko Arusha. Tumewahi kuwa na ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale AICC. Tuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ukipanda kifodi kutoka Kilombero unaweza kupita karibu na majaji wa nusu ya bara hili ukiwa umepakata kuku.

Kwa wiki kadhaa nikawa nasoma kilichotokea baada ya mahakama hizo kuamua. Hukumu zenyewe zina heshima zao, lakini mimi nilikuwa natafuta droo.

Nikaipata kwenye suala la mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu Dodoma, Oktoba 1994. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba yaliyofunga tena mlango uliofunguliwa na Jaji Lugakingira. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo si la mahakama, ni la Bunge. Akaja hapa Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikamwona ana haki na kuiagiza Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao haukuwa na mgombea binafsi. Wa 2020 nao haukuwa naye.

Muda unaofaa. Ukiusikiliza vizuri unasikia "iweke kwanza" kwa lugha ya majaji.

Wakati mwingine mahakama yenyewe ndiyo inayotoa droo. Ibara ya 30(5) ya Katiba yetu inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kufuta sheria mbovu, iipe Serikali muda wa kuisahihisha, na muda huo wote sheria inahesabika kuwa nzima. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa: vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama, vilionekana kuvunja Katiba, na Serikali ikapewa mwaka mmoja. Ikakata rufaa. Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. Baada ya hapo tukasikia maoni yanakusanywa, tukasikia mjadala unaendelea. Binti aliyekuwa na miaka 14 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa na 17 siku rufaa inatupwa. Yeye hakupewa nafasi ya kukusanya maoni.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ilionja yake mapema. Novemba 2006 ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe kwenye Bunge la Jumuiya, katika kesi ya Anyang' Nyong'o. Amri ilitiiwa. Lakini hata mwezi haukuisha, wakuu wa nchi wakawa wamerekebisha Mkataba: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, na zikaongezwa sababu za kumwondoa jaji. Tunakutii, kisha tunakubadilisha ulivyo. Huko kusini ilikuwa mbaya zaidi. Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyokuwa Windhoek, iliamua dhidi ya Zimbabwe mwaka 2008 kuhusu mashamba, na mwaka 2010 viongozi wakaisimamisha kazi. Na sisi, Novemba 2019, tuliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Wenyeji wa mahakama, na nchi iliyokuwa na mashauri mengi kuliko zote pale, tukafunga mlango wa mbele. Mwaka mmoja baadaye ukafungika rasmi.

Unaona sijataja bunduki. Bunduki zipo pia. Novemba 2005 watu wenye silaha walizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili waliopewa dhamana wasitoke, na miaka miwili baadaye majaji wa hapa Arusha wakasema, katika kesi ya Katabazi, kwamba Uganda imevunja utawala wa sheria. Kesi hiyo haikuwa ngumu kuiona. Kila mtu aliziona bunduki. Nani ataiona droo?

Upande wa mwenye katapila

Rafiki yangu mmoja, mhandisi, alisoma rasimu ya haya akanipigia simu amekasirika. Nimempa nafasi kwa sababu amenitikisa.

"Wewe unaandika kama mahakama ni malaika," akasema. "Barabara ile ya kwa mama yako mkubwa, mwaka jana mjamzito alijifungulia kwenye toyo kwa sababu ya tope. Hakimu aliona tope? Hakuchaguliwa na mtu. Akiandika mstari mmoja, watu elfu wanangoja."

Nikataka kumjibu haraka, nikashindwa. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia barabara ya lami kukatiza Serengeti. Mimi nilishangilia, nyumbu wale ni wa dunia nzima. Lakini nina shemeji aliyefundisha Loliondo, anayejua gharama ya kumtoa mgonjwa kule wakati wa masika, na hakushangilia. Nilimwona mtu asiyeelewa. Leo sina uhakika ni nani kati yetu hakuelewa.

Na ule uamuzi wa 2010 wa mgombea binafsi, nilioupitia juu juu kana kwamba ni woga tu, nao ni mgawanyo wa madaraka. Majaji walisema: Katiba imetungwa na Bunge, sisi ni nani kuifuta ibara yake? Ukitaka mihimili isiingiliane, mahakama nayo ina mahali pa kukomea. Bado naona walikomea mapema mno. Lakini siwezi kudai mpaka uheshimiwe na upande mmoja tu.

Nilichomwambia mhandisi ni hiki: kama amri ni mbovu, kuna rufaa. Ofisi ile ina wanasheria, ina gari, ina mafuta. Ingeweza kurudi kwa jaji kesho yake ikasema kuna mjamzito amejifungulia kwenye tope, ondoa zuio. Pengine jaji angeondoa. Haikwenda. Na hilo ndilo linaloniuma, maana anayekwenda mahakamani kubisha anakubali kwamba mahakama ipo.

Mhandisi akanyamaza kidogo. "Na Loliondo?" akauliza.

Hakuwa ananitega, alitaka kujua. Septemba 2018 Mahakama hiyo hiyo ya Afrika Mashariki ilitoa zuio la muda dhidi ya kuwaondoa wanavijiji wanaodai ardhi yao kule. Juni 2022 vigingi vikawekwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Serikali ikasema inalinda hifadhi, wanavijiji wakasema zuio linavunjwa, na askari polisi mmoja akauawa katika vurugu za siku hizo. Septemba 2022 wanavijiji walishindwa kesi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu na kuamuru isikilizwe upya. Ukihesabu tangu ilipofunguliwa 2017, unaona kitu kimoja: kigingi cha zege hakingoji rufaa.

Simu ikaishia hapo. Hakusema nimemshawishi, wala mimi sikusema.

Nilimtafuta

Niliamua kumtafuta kijana wa katapila. Nilitaka kumuuliza swali moja.

Nilikwenda yadi wanakolaza mitambo, nikajifanya nina kazi ya kusawazisha kiwanja. Mlinzi akaniita ndani, nikamweleza opareta ninayemtaka: mrefu, mpole, ana kovu dogo kidevuni.

"Aah, yule. Mkataba wake uliisha."

"Uliisha lini?"

Mlinzi akahesabu kwa vidole. Ilikuwa wiki ile ile.

Inawezekana uliisha tu. Mikataba ya vibarua huisha kila siku. Inawezekana pia fundi alipokuja aliikuta mashine nzima, akasema. Nimejaribu kuandika aya ya kumfanya shujaa, nikaifuta, kwa sababu kama mashine ilikufa kweli basi shujaa ni pampu ya dizeli. Na kama haikufa, basi amri ya Mahakama Kuu ya Tanzania siku ile ilitekelezwa na kibarua mmoja aliyelazimika kudanganya ili aitii. Sijui lipi ni baya zaidi kuishi nalo. Mwaka 2021 Afrika Kusini ilimfunga Jacob Zuma kwa kukaidi mahakama, na wengi wetu tulipiga makofi, japo alikuwa ameshaondoka madarakani. Mimi nilifikiria karani wake.

Yule dereva pia nimemtafuta. Namba niliyopewa haipatikani.

Masale

Wakili alituonya tusijenge ua upya. Amri inasema hali ibaki kama ilivyo, na inatufunga pande zote mbili: nasi tukianza kupandisha matofali, tutakuwa tumeibadilisha. Mama mkubwa alimsikiliza, akaniuliza kwa Kichaga kama huyu dada ameolewa, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Na masale?"

Wakili hakuelewa. Yeye ni wa Pwani. Nikamweleza kwamba kwetu sale ndilo mpaka. Hakuna askari anayelilinda, na mtu mzima haling'oi la jirani yake hata usiku. Nikamweleza pia kwamba aliyekukosea akija ameshika sale mkononi kuomba radhi, ni vigumu sana kumkatalia. Wakili akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Ngoja nisome," akasema. "Nadhani kupanda mmea si kujenga. Lakini ngoja nisome kwanza."

Mama mkubwa hakungoja. Jumamosi alipanda Noah mpaka Machame kwa wifi yake, akarudi jioni na vipande vinne vimefungwa kwenye kanga mbichi. Nilimkuta Jumapili baada ya ibada, kanga imekunjwa mpaka magotini, anashindilia udongo kwa kisigino kwenye alama za minyororo ya katapila. Nikamwambia mama, wakili alisema tusubiri, amri inasema hali ibaki kama ilivyo.

"Ilivyokuwa ilikuwa na masale," akasema.

Yalikuwa manne. Matatu yamekauka, nadhani ni jua la Septemba. Moja limeshika.